Kibaba si robo kilo

Mwezi huu nimeshalisikia mara tatu. Mara ya mwisho lilitoka kwenye sauti iliyokuwa ikizunguka WhatsApp, ya dada anayefundisha mkate wa kumimina: "Mchele kibaba kimoja, yaani robo kilo." Jirani yangu hapa Wete akamfuata. Mchele akaupima robo kilo kwenye mizani, lakini tui akalipima kwa kopo la kibaba la mamake, kwa sababu dada alisema "tui kibaba kasorobo". Jioni akaniletea kipande kwenye kisahani. Kilikuwa chapwa na kimelala kama chapati ya maji.

Kibaba ni kipimo cha ujazo cha vitu vikavu, kama mchele, unga na kunde. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo kibaba ni robo, ila ni robo ya pishi. Nahisi kosa limeanzia hapo: pishi ilipotoka madukani, ile "robo" ikabaki yatima, ikaangukia kwa kilo.

Pishi yenyewe haijafa. Kila Ramadhani ikimalizika tunaitaja kwenye zaka ya fitri, maana ndilo neno tunalolifasiria "saa" ya Kiarabu (jina la kipimo, si saa ya ukutani), kama kibaba tunavyokifasiria "mudi", na mudi nne ni saa moja. Kwa mchele, pishi ya fitri aghalabu hukadiriwa kilo 2.5. Igawe kwa nne: kibaba cha mchele kinapita gramu 600. Robo kilo haifiki hata nusu yake.

Na hizo gramu 600 ni za mchele tu. Ukijaza kopo lile lile unga wa ngano utapata uzito mdogo zaidi, kwani unga una hewa nyingi ndani yake. Hapo ndipo watu wanaponichosha, wanapouliza "kibaba ni kilo ngapi" bila kusema cha nini. Maneno ya mizani tunayo, tena mengi tumeyachukua kwa Waarabu: wakia, ratili iliyo chini kidogo ya nusu kilo, na frasila ya karafuu, karibu kilo 16. Hayo ni ya kupimia uzito. Kibaba ni chombo. Hata methali inasema haba na haba *hujaza* kibaba, na hakuna mtu aliyewahi kuijaza ratili.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni lile ambalo siku hizi halitajwi kabisa. Wazee hawakusema "kibaba" wakanyamaza. Walisema kibaba cha tele au kibaba cha mfuto. Cha tele kimejaa mpaka kikafanya kichuguu juu ya ukingo. Cha mfuto kimefutwa, na neno limetoka papo hapo kwenye kitenzi *futa*: unapitisha kiganja, au kijiti kilichonyooka, ile ziada inaanguka. Dukani tofauti hiyo ilikuwa ugomvi kamili, mnunuzi anataka tele na muuzaji kiganja kimeshafika ukingoni. Bibi yangu alinunua kwa tele na akapika kwa mfuto, wala hakuona haya.

Jikoni alikuwa na sababu. Mchele unaweza kufanya kichuguu, na unga zaidi, lakini tui halina tele. Likifika ukingoni linamwagika. Basi ukipima mchele kwa tele, na tui kwa kibaba hicho hicho, tayari umezidisha kikavu. Rojo linakuwa zito, hamira inahangaika kulinyanyua, na moto wa makaa unaoupalia juu ya mfuniko unababua uso kabla ya ndani kuiva. Ukifuta, vyote viwili vinasimama kwenye ukingo mmoja.

Ndiyo maana kopo la bibi, lililopondeka ubavuni, halikumharibia mkate. Mchele, tui na sukari vyote vilipita humo humo, na upungufu wa kopo ukawapata wote sawasawa. Kikombe cha mapishi ya Marekani, cha karibu mililita 240, nacho ni ujazo na nacho hufutwa, kwa hiyo tusijione washamba. Ubaya ni kuanza na chombo na kumalizia na mizani, kama alivyofanya jirani yangu maskini.

Dada wa WhatsApp mkono wake mzuri, na ile hiliki yake naisikia harufu kutoka huku. Namuomba tu, akirekodi tena, aiache hiyo "yaani robo kilo", aseme kibaba cha mfuto, na tui alipime kwa kopo lile lile.