Umbali wa anga na muda wa safari: Singapore hadi Bangkok

Umbali wa anga ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, kutoka kiwanja kimoja cha ndege hadi kingine. Kati ya Changi, Singapore, na Suvarnabhumi, Bangkok, ni takriban kilomita 1,400. Marubani hupima kwa maili za baharini, na maili moja ya aina hiyo ni kilomita 1.852, kwa hiyo ukikuta imeandikwa 760 na kitu, ni umbali uleule. Soma vizuri jina la kiwanja pia, kwa sababu Bangkok ina viwanja viwili vikubwa, Suvarnabhumi na Don Mueang, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa gari katika mji wenye foleni nzito.

Muda wa safari ni jambo jingine. Wengi huchukua zile kilomita 1,400 wakazigawa kwa mwendo wa ndege ya abiria ikiwa juu, kilomita 830 hivi kwa saa, wakapata saa moja na dakika arobaini. Kisha wanafungua ratiba na kukuta saa mbili na dakika ishirini au zaidi. Hesabu yao ni sahihi, ila ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa na huacha inaposimama mahali pa kushushia abiria. Humo mna kutambaa hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda na kushuka kwa mwendo mdogo, kufuata njia walizopangiwa na waongoza ndege, na dakika za akiba ambazo shirika huongeza lisije likachelewa.

Safari fupi ndiyo inayoonyesha hili wazi zaidi. Singapore na Kuala Lumpur zimetengana kwa kilomita 300 tu. Ndege hukaa hewani dakika 45 hivi, lakini ratiba huandika saa moja na ziada.

Upepo, unaorefusha au kufupisha sana safari za kati ya Ulaya na Marekani, hapa karibu na ikweta hauna nguvu hiyo. Kinachosumbua zaidi ni mawingu ya radi, ambayo rubani hulazimika kuyazunguka.

Halafu kuna saa za nchi. Singapore iko mbele ya Bangkok kwa saa moja, hasa kwa uamuzi wa serikali: mwaka 1982 ilisogeza saa zake mbele ili ziende sawa na za Malaysia. Ndege ikiondoka Changi saa 3:00 asubuhi, hufika Bangkok saa 4:25 za huko, nawe ukadhani umesafiri chini ya saa moja na nusu. Ukirudi na ndege ya saa 3:00, unafika saa 6:25 mchana. Basi ukielekea Bangkok, ongeza saa moja kwenye tofauti unayoiona kwenye tiketi. Ukirudi Singapore, ipunguze.