Pikapu Mpya Imelala Gereji: Uliza Inasubiri Nini

Karibu kila mwenye gari anapopiga simu gereji huuliza swali moja: "Litakuwa tayari lini?" Na karibu kila mara hujibiwa, "Wiki ijayo." Wiki ijayo inafika, simu inapigwa tena, inazaliwa wiki ijayo nyingine. Kwa muda ambao nimekuwa nikipokea malalamiko ya wanunuzi wa magari, nimefikia kuamini kwamba swali hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo. Anayepokea simu hajui lini, na hata angejua hana mamlaka ya kuahidi. Kuna swali jingine ambalo jibu lake huwa liko kwenye kompyuta iliyo mbele yake: "Gari langu linasubiri nini?"

Makala haya ni ya mwenye pikapu mpya, waranti bado hai, lakini gari limelala karakana ya wakala kwa wiki au miezi. Nimechagua pikapu kwa sababu ndiyo inayouma zaidi. Gari dogo likikwama, mwenyewe atapanda basi atafika. Pikapu ikikwama, mzigo unakwama, trela inakwama, na wateja wa mwenye pikapu nao wanaanza kutafuta mtu mwingine. Gari la kuazimwa, akibahatika kulipata, huwa kigari cha abiria ambacho hakivuti wala hakibebi kitu.

Kusubiri si kwa namna moja

Mara nyingine gari linasubiri fundi tu. Kazi za waranti hulipwa na mtengenezaji, na muda unaolipwa kwa kila kazi hupangwa na yeye. Mara nyingi muda huo ni mfupi kuliko ule anaotozwa mteja anayelipa mwenyewe. Katika karakana ambazo fundi hulipwa kwa kazi aliyomaliza, si kwa saa alizokaa, tatizo gumu la waranti humtia hasara. Asubuhi nzima anaweza kuinama chini ya gari akitafuta waya uliochubuka, kisha akalipwa saa moja. Usishangae basi pikapu yako ikisogezwa uani ili magari ya kubadilisha breki yaingie kwanza. Kusubiri kwa aina hii ndiko rahisi kutibu: waranti ya mtengenezaji kwa kawaida inakubalika kwa wakala yeyote aliyeidhinishwa, kwa hiyo unaweza kulihamisha gari. Lihamishe kabla halijafunguliwa. Injini ikishatawanywa vipande kwenye meza, hakuna wakala wa pili atakayeipokea kwa furaha.

Mara nyingine gari linasubiri idhini, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana wengi hawajui kwamba hatua hii ipo. Kwa kazi kubwa kama kubadilisha injini au giaboksi, wakala hawezi kuamua peke yake. Akifanya kazi bila idhini, huenda asilipwe. Kwa hiyo anatuma maombi, mtengenezaji anajibu akitaka vipimo au picha, wakala anatuma, mtengenezaji anataka kingine. Mtu mmoja alitujia siku ya 61 tangu aache pikapu yake. Aliambiwa giaboksi "iko njiani." Tukamshauri aombe vitu viwili tu kwa maandishi: namba ya spea na tarehe ya oda. Zikapita siku mbili za kimya, kisha ukweli ukatoka. Oda haikuwahi kuwekwa. Mtengenezaji alikuwa ameomba picha za chembe za chuma zilizokutwa kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, na barua pepe hiyo ilikuwa imelala kwa msimamizi aliyekuwa likizo. Picha zilipigwa mchana uleule. Siku 61, na hakuna aliyesema uongo kwa makusudi. Kila mtu alirudia alichosikia kwa mwenzake.

Kisha kuna kusubiri spea zenyewe. Gari la mfano mpya lina ubaya wake: hakuna spea za watengenezaji wengine sokoni, hakuna magari mengi ya aina hiyo yaliyokufa yakanyofolewa, na kiwanda kinachotengeneza kifaa hicho kinahitajika pia kulisha laini ya kuunda magari mapya. Uliza kama oda imewekwa kama oda ya kawaida au oda ya gari lililosimama, kwa sababu watengenezaji wengi wana njia ya haraka kwa gari lisiloweza kutembea. Uliza pia kama kuna wakala mwingine mwenye spea hiyo kwenye rafu. Lakini kama kifaa hakipo popote, kuhamisha gari hakutasaidia chochote.

Hali ngumu kuliko zote ni pale tatizo lako ni la maelfu ya watu. Mwaka 2024 Toyota iliyaita yarudi kwa mawakala magari takriban 102,000 nchini Marekani, pikapu za Tundra pamoja na Lexus LX za mwaka 2022 na 2023, kwa sababu ya masalia ya uchongaji wa chuma yaliyoweza kubaki ndani ya injini na kuharibu bearingi. Aprili 2025 General Motors nayo iliyaita pikapu na magari makubwa karibu 600,000 nchini humo yenye injini ya V8 ya lita 6.2, ya miaka ya 2021 hadi 2024. Injini zilizoshindwa ukaguzi zilitakiwa kutengenezwa au kubadilishwa, na zilizofaulu kuwekewa oili nzito zaidi. Ukiwa kwenye foleni ya namna hiyo, kumfokea mtu wa mapokezi hakutazalisha injini. Nguvu zako zipeleke kwa mtengenezaji mwenyewe, na usidai tarehe. Dai gari mbadala, au fidia ya miezi uliyolipia mkopo bila kuendesha. Kujua kama gari lako limo kwenye wito kama huo ni kazi ya dakika chache: chukua namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17, iingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji.

Kadi ya kazi ndiyo shahidi wako

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali ambapo msemo huo unatimia kama kwenye dai la waranti. Daftari lenyewe ni kadi ya kazi inayofunguliwa kila unapoingiza gari. Soma hii, ambayo nimeona mfano wake mara nyingi mno: "Mteja analalamika kelele. Imekaguliwa. Hakuna tatizo." Kwa maneno hayo, kesi yako imekufa kabla haijazaliwa. Sasa soma hii: "Injini ikiwashwa asubuhi baada ya kulala usiku kucha, inagonga upande wa dereva kwa sekunde tano, kisha inanyamaza. Ikiwa ya moto haigongi. Video imewasilishwa." Fundi aliyesoma kadi ya pili hatawasha gari saa nane mchana na kusema hakusikia kitu.

Eleza unachokisikia, unachokiona na kinatokea wakati gani, usiandike ugonjwa. Ukisema "badilisheni turbo", wataikagua turbo, wataikuta nzima, watakurudishia gari na tatizo lake. Na kama taa ya injini imewaka, usichomoe waya wa betri ili izime. Kompyuta ya gari hutunza picha ya hali ilivyokuwa wakati hitilafu ilipotokea, kama mwendo, joto na mzigo wa injini, nawe utakuwa umefuta ushahidi kwa mkono wako.

Kadi iwe na tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na kilomita za siku zote mbili. Ifunguliwe hata kama umeambiwa "acha tu tuangalie haraka." Nasisitiza hili kwa sababu sheria za nchi nyingi huhesabu siku na majaribio. Marekani ina sheria ya waranti ya mwaka 1975, na kuanzia Connecticut mwaka 1982 majimbo yake yalitunga sheria za magari mabovu ambazo, kwa mengi yao, hukupa madai mazito gari jipya likikaa gereji jumla ya siku 30 au likirudishwa mara kadhaa kwa tatizo lilelile. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, matengenezo yakishindwa hata kwa mara moja tu, mnunuzi anaweza kulikataa gari au kudai apunguziwe bei. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2019, unamtaka muuzaji atengeneze ndani ya muda unaofaa na bila kumsumbua sana mnunuzi. Afrika Kusini, sheria ya 2008 inasema bidhaa iliyotengenezwa ikiharibika tena ndani ya miezi 3, muuzaji abadilishe au arudishe fedha. Zinatofautiana sana, na ya kwenu ndiyo utakayoifuata, lakini hakuna hata moja inayohesabu siku ambazo huwezi kuzithibitisha.

Angalia pia kwamba waranti ya mtengenezaji na wajibu wa muuzaji kisheria ni vitu viwili. Kijitabu cha waranti kinaweza kusema hakiahidi gari mbadala wala hakilipi hasara ya biashara. Hiyo haina maana kwamba sheria ya nchi nayo imenyamaza.

Ulichukue gari au uliache?

Hapa mara nyingi huulizwa na sina jibu moja. Spea ikichelewa, wakala atakuambia, "Chukua gari, tutakupigia." Kama ni kioo cha umeme kisichoshuka, chukua, fanya kazi zako. Kama ni injini, breki au usukani, omba kwanza aandike kwenye kadi kwamba gari ni salama kuendeshwa. Mara nyingi kalamu inasita, na kusita huko kumekujibu. Kumbuka pia kwamba siku ulizolichukua huenda zisihesabiwe kama siku za kukaa gereji. Na waranti ikikaribia kuisha, hakikisha tatizo limeandikwa kabla ya tarehe hiyo, hata kama matengenezo yatafanywa baadaye.

Ukiliacha, liache kama mtu anayesafiri. Piga picha pande zote, dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta. Toa zana zako nyuma. Gari lililosimama miezi miwili betri yake huweza kufa, na huduma ya oili inayohesabiwa kwa miezi haisimami kwa sababu gari limesimama. Waulize nani ataifanya.

Kuna wanaoogopa kudai kwa sababu wameweka matairi makubwa au bampa ya chuma. Kwa sheria ya waranti ya Marekani niliyoitaja, kuwa na kifaa cha kampuni nyingine hakufuti waranti peke yake. Anayekataa dai aonyeshe kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta tatizo. Lakini tusidanganyane: ukiwa umebadilisha programu ya injini ili ipate nguvu zaidi, au umevuta trela kupita uzito ulioandikwa, kompyuta inaweza kukusema, na dai la injini litakuwa gumu kweli.

Barua moja fupi

Maneno ya mdomo yakishindwa, andika kwa meneja wa huduma, nakala kwa kitengo cha wateja cha mtengenezaji, na uombe namba ya shauri. Hasira iache nje. Barua kama hii inatosha:

"Pikapu yangu, namba ya chasisi iliyo hapo juu, niliileta tarehe 4 ikiwa na kilomita 18,200, giaboksi ikiteleza kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Leo imetimiza siku 43. Naomba mnijulishe kwa maandishi inasubiri nini, namba ya spea, tarehe ya oda, na kama ni salama kuendeshwa. Naomba pia gari mbadala linaloweza kuvuta trela yangu. Nitasubiri jibu siku saba za kazi, kisha nitapeleka suala hili kwa mamlaka ya kulinda walaji."

Kisha peleka kweli. Usitishe tu. Wakikupa fidia ya hisani, soma karatasi kabla ya kutia sahihi, maana nyingine zina mstari unaosema umeachana na madai yako yote. Na usiache kulipa mkopo wa gari kwa hasira: aliyekukopesha hakutengeneza giaboksi, na kwake wewe utaonekana mdaiwa mkorofi tu. Bima nayo isikatike.

Simu ikija hatimaye kwamba gari liko tayari, usiende jioni dakika za mwisho ambapo kila mtu anataka kufunga. Kama tatizo lako lilikuwa la asubuhi, waombe waliache lilale bila kuwashwa, ufike mlango unapofunguliwa, uliwashe mwenyewe kofia ya injini ikiwa juu na fundi amesimama pembeni. Hesabu zile sekunde tano. Lisipogonga, tia sahihi.