Mbwa mkubwa ameanza kukojoa ndani: maswali na majibu

Kitoto cha mbwa kikikojoa sebuleni hakuna anayeshangaa, bado kinajifunza. Mbwa wa miaka mitano au minane akianza ghafla, watu hukimbilia fimbo. Kabla ya fimbo, litazame dimbwi: liko wapi, ni kubwa kiasi gani, limetokea saa ngapi. Nusu ya majibu yaliyo hapa yanaanzia hapo.

Mbwa wangu jike ana miaka saba na tunaishi naye ndani tangu utotoni. Siku hizi kila asubuhi nakuta mkojo karibu na mlango wa jikoni. Amekuwa jeuri?

Hapana. Mbwa hakojoi ndani ili akukomoe. Tena wako amekojoa mlangoni, maana yake alitaka kutoka akazidiwa. Mbwa aliyezoea usafi akiacha mazoea yake, mchukulie kuwa mgonjwa mpaka apimwe.

Akichuchumaa mara kwa mara na kutoa kidogo kidogo, pengine na damu, daktari wa mifugo atashuku maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo huwapata majike zaidi, au mawe kwenye kibofu. Dimbwi likiwa kubwa na mkojo mweupe kama maji, tunafikiria figo, kisukari au matatizo ya homoni. Na kama anatibiwa ngozi kwa vidonge au sindano za steroidi, dawa hizo peke yake humfanya anywe na kukojoa kupita kawaida. Usizikatishe mwenyewe, mrudie aliyekuandikia.

Kama hajafungwa kizazi na alikuwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mwezi mmoja au miwili iliyopita, hilo la kizazi ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Kizazi kinaweza kujaa usaha. Atakunywa sana, atakojoa sana, atakataa chakula, atajilaza tu. Wakati mwingine usaha hutoka ukauona mkiani au sakafuni. Wakati mwingine mlango wa kizazi umejifunga na hakitoki kitu, na hiyo ndiyo hali mbaya zaidi. Mara nyingi tiba yake ni upasuaji wa kutoa kizazi, na ukichelewa mbwa anakufa. Mpeleke leo.

Aliyefungwa kizazi naye ana tatizo lake. Analala vizuri, akiamka godoro limelowa chini ya makalio, na yeye mwenyewe hana habari. Ni misuli ya mlango wa kibofu iliyolegea, jambo linaloweza kutokea miezi au miaka baada ya upasuaji, hasa kwa mbwa wa maumbo makubwa. Ana dawa yake, na wengi hupata nafuu nzuri.

Nitajuaje kwamba anakunywa maji kupita kiasi?

Pima. Asubuhi mjazie bakuli kwa chupa ya lita moja na nusu, andika ulichomimina, na kila unapoongeza andika tena. Kesho yake saa ileile, toa kilichobaki. Hakikisha hana pengine pa kunywa: ndoo ya chooni, beseni la kufulia na dimbwi la bomba la bustani vyote vinaharibu hesabu. Akifikisha zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani lita 2 kwa mbwa wa kilo 20, hiyo si kiu ya kawaida. Kumbuka tu kwamba joto la Dar mwezi Februari humnywesha yeyote, na mbwa anayekula chakula kikavu cha mfuko hunywa zaidi ya anayekula ugali uliolowekwa supu ya dagaa.

Usimnyime maji ili asikojoe. Mwenye figo mbovu ukimfungia maji usiku, unaweza kummaliza.

Dume wangu anainua mguu kwenye kona ya sofa na kudondosha matone tu. Huo nao ni ugonjwa?

Huyo anaweka alama ya eneo lake. Mkojo ni kidogo, uko kwenye kitu kilichosimama, na mara nyingi kuna sababu: mbwa mgeni mtaani, jike wa jirani yuko kwenye joto, mmehamia nyumba mpya au kuna mtoto mchanga. Kumhasi huwapunguzia wengi tabia hii, ingawa aliyeizoea kwa miaka anaweza kuendelea nayo. Akiwa mzee na hajahasiwa, tezi dume ichunguzwe pia. Na ukiona damu inadondoka sehemu za siri za mbwa anayezurura, dume au jike, mwonyeshe daktari, kwa maana kuna uvimbe wa kansa unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wanapopandana. Unatibika vizuri kwa sindano.

Nikirudi kazini ananipokea huku anajikojolea. Nimchape?

Utamzidishia. Hicho ni kicho au furaha iliyopitiliza. Ingia bila makeke, usimkodolee macho, usimwinamie. Msalimie mkiwa nje, umechuchumaa ubavu ubavu.

Tulimchukua mbwa wa ulinzi, alikuwa anafungiwa bandani mchana. Sasa tunalala naye ndani na anakojoa popote. Anafundishika?

Anafundishika, ila mjue kwamba hakusahau kitu, hakuwahi kufundishwa. Maisha yake yote amekojoa kwenye saruji ya banda, na vigae vya sebule yako, kwa miguu yake, ni saruji ileile. Anza kama unaanza na kitoto. Mtoe akiamka, akimaliza kula, na kabla ya kulala. Simama naye hapohapo nje, usimfungulie mlango ukarudi kwenye simu yako. Akimaliza tu, msifu na mpe kipande cha nyama palepale. Ukingoja mpaka jikoni, ataona amelipwa kwa kuingia ndani. Usipoweza kumwangalia, mweke sehemu ndogo.

Ile desturi ya kumsugua pua kwenye mkojo iacheni. Mkojo wa saa mbili zilizopita hauunganishi na hasira yako ya sasa. Atajifunza kukuogopa, kisha akojoe nyuma ya kabati usikomwona.

Mkojo huo unaweza kutuambukiza sisi?

Unaweza. Homa ya mgunda huenezwa na mkojo wa wanyama. Panya ndio wanaotajwa zaidi, lakini mbwa naye huubeba, hata akiwa haonyeshi dalili. Ndiyo iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022, watu 20 wakaugua na 3 wakafa. Vijidudu huingia kupitia mchubuko, macho au mdomo. Mtu akipata homa kali, kichwa, maumivu ya misuli hasa ya miguu, macho mekundu au manjano, na kipimo cha malaria hakioni kitu, amwambie daktari kwamba nyumbani kuna mbwa anayekojoa ndani. Mbwa ana chanjo yake, na hurudiwa kila mwaka.

Anayepiga deki avae glavu, na dada wa kazi asiachwe afute kwa mikono mitupu. Ondoa mkojo kwanza kwa maji na sabuni, suuza, ndipo upitishe jiki iliyozimuliwa. Kumwaga jiki juu ya mkojo mbichi hutoa mvuke unaochoma macho na kifua, na jiki haichanganywi kamwe na siki wala dawa ya asidi ya kusafishia choo. Kwa zulia na sofa, tafuta dawa yenye vimeng'enya, vitu vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo, kwenye maduka ya vifaa vya wanyama, kwa sababu harufu usiyoisikia wewe, yeye anaisikia na kuirudia.

Nikienda kwa daktari nibebe nini?

Hesabu ya maji, picha ya dimbwi, majina ya dawa anazotumia, na mkojo wa asubuhi. Kuukinga si kazi ngumu: mfuate na upawa safi mkavu, akianza kuchuchumaa uuingize taratibu kutoka nyuma, mimina kwenye kichupa safi na ufikishe ndani ya saa moja, au ukiweke kwenye friji mpaka muda wa kwenda. Lakini mbwa anayejikamua na hakitoki kitu, hasa dume, asingojee kichupa wala miadi. Njia imeziba, na huyo anakwenda sasa hivi, hata kama ni usiku.