Kabla ya -li- ni "I", baada ya -li- ni "me"

Wiki iliyopita mteja alinirudishia kadi ya shukrani ya harusi niliyokuwa nimeisahihisha. Mstari wa pili ulisomeka "Thank you for supporting my wife and me". Ile "me" alikuwa ameikata kwa wino mwekundu, akaandika "I" pembeni, na chini yake akaongeza kwa Kiswahili: "Mwalimu, tafadhali, hii ni kadi ya watu wazima."

Nikampigia simu. Hakuwa na ubishi, alikuwa na hofu. Shemeji yake, mtu aliyesoma, amemwambia kwamba "me" ni lugha ya watoto, na kwamba penye "and" lazima ije "I". Imani hii nimeisikia kwa wanafunzi wa kidato cha pili, kwa makatibu muhtasi, kwa wachungaji, na mara moja kwa mwalimu mwenzangu tena mbele ya darasa lake. Nimechoka kuijibu kwa simu, nimeona bora niandike.

"Me" haina uhusiano na utoto wala adabu. Mtu hapewi "I" kwa sababu ameoa au kwa sababu kadi imechapishwa kwa dhahabu. Ni suala la nafasi: nani anatenda, nani anatendwa. Na Mswahili hahitaji kitabu cha Kiingereza kulijua hilo, kwa sababu kitenzi chake kinamwambia kila siku.

Tazama sentensi hizi mbili. "Mimi na mke wangu tuliwaalika." "Walitualika mimi na mke wangu." Neno "mimi" halikubadilika hata kidogo, na hapo ndipo wengi wanapopotea, maana wanalitazama "mimi" wakingoja liwaambie kitu, nalo haliwaambii chochote. Kazi yote imo ndani ya kitenzi. Katika tu-li-waalika, "tu" imetangulia "li". Katika wa-li-tu-alika, "tu" imeifuata "li". Silabi ni ileile, imehama kiti tu. Kiingereza kwa kuwa hakina kiti ndani ya kitenzi kinalazimika kubadilisha neno lenyewe: "My wife and I invited them", "They invited my wife and me". Kwa hiyo ukikwama, iseme sentensi yako kwa Kiswahili, tafuta kiambishi cha wakati, kama hiyo "li", uangalie "tu" imekaa wapi. Ikiwa kabla yake, andika "I". Ikiwa baada yake, andika "me". Inafanya kazi kwa -na-, -me- na -ta-, na kwa "he" na "him" pia: "Yeye na Juma waliniona" dhidi ya "Niliwaona yeye na Juma".

Penye kihusishi, kama "between" au "with", kitenzi hakikusaidii. Badilisha kundi zima kwa "we" au "us". Hakuna anayesema "between we". Basi ni "between you and me". Tuendelee.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo kwenye Biblia, Yohana 8:32. Kiswahili cha Union Version kinasema "tena mtaifahamu kweli, nayo hiyo kweli itawaweka huru". Kiingereza cha 1611 kinasema "And ye shall know the truth, and the truth shall make you free". Watu walewale wanaosemeshwa ni "m-" wanapotenda na "-wa-" wanapotendwa. Kwa Kiingereza cha wakati ule ni "ye" wanapotenda na "you" wanapotendwa. Vinaoana kiungo kwa kiungo. Hata kweli yenyewe imehama kiti: m-ta-i-fahamu, kisha i-ta-wa-weka. Darasani huiandika mistari hii miwili ubaoni, mmoja juu ya mwingine, na dakika tano baadaye sina haja ya kueleza yambwa, yaani mtendwa, ni nini.

Lakini mstari huohuo una jambo ambalo wapenda kanuni hawalitaji. "Ye" iko wapi leo? Imekufa. "You", iliyokuwa ya mtendwa, imepanda ikakalia kiti cha mtenda, kisha ikameza na "thou" ya mtu mmoja, ikaburuta "are" yake ya wingi mpaka kwa mtu mmoja. Walikuwapo Waingereza wengi waliosema "you was" kwa mtu mmoja, na Robert Lowth, kasisi aliyetoa kitabu cha sarufi mwaka 1762, aliwakemea. Kila "you are" tunayoiandika leo kwa mtu mmoja ilianza kama uhamisho wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia viwakilishi vya Kiingereza ni vya milele, namrudisha Yohana 8:32.

Na hapa niseme wazi jambo linalonisumbua. Maelezo ya kawaida ya kosa la "my wife and I" mahali pa "me" ni haya: mtoto anasema "Me and Juma went", mwalimu anamkemea, mtoto anaogopa "me" kila aonapo "and", ndipo anaikimbia hata inapostahili. Kwa wanafunzi wangu nayaona maelezo hayo yakitokea waziwazi. Shemeji wa yule mteja ni mtoto huyo aliyekua. Ila hayatoshi. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, Antonio anaandika katika barua yake kwamba madeni yote yamefutwa "between you and I". Tamthilia hiyo ilichapishwa mwaka 1600, zaidi ya miaka 150 kabla ya Lowth. Antonio hakukemewa na mwalimu wa sarufi ya Kiingereza. Mwaka 1992 Bill Clinton, akiomba kura za urais wa Marekani pamoja na mgombea mwenza wake Al Gore, alisema "Give Al Gore and I a chance to bring America back". Alikuwa mwanasheria aliyesoma Oxford na Yale.

Wapo wanaisimu wanaotetea kwamba katika "Al Gore and I" anayetendwa ni kundi zima, si "I" peke yake, kwa hiyo hakuna sababu ya kila mmoja ndani ya kundi kuvaa sare ya kundi. Ningependa kulikataa wazo hilo, lakini Kiswahili kinanizuia. Ninaposema "niliwaona yeye na Juma", ile "-wa-" si ya "yeye", si ya Juma, ni ya wote wawili wakiwa pamoja. Kitenzi chetu kinalichukulia kundi kama kitu kimoja na kuwaacha waliomo ndani bila alama yoyote. Kwa hiyo kanuni niliyoieleza hapo juu ni ya Kiingereza cha maandishi rasmi, kile kinachosahihishwa, na ambacho watahiniwa hukatwa alama kwacho. Kwa hicho naisimamia bila kutetereka. Kwa mazungumzo sithubutu kusema Mwingereza anayesema "Me and my mum went to town" hajui lugha yake. Wanasema hivyo kila siku, na wanaelewana.

Nisicho na subira nacho ni "myself". Watu wakishaogopa "me", na "I" wakaionea shaka, hukimbilia "myself" wakidhani ni mahali salama. "Please contact the secretary or myself." "The manager and myself attended." Barua za ofisini zimejaa. Jamani, tunayo "-ji-"! "Nilijikata" ni "I cut myself", kwa sababu aliyekata na aliyekatwa ni mtu mmoja. Pasipo "-ji-", na pasipo ile "mwenyewe" ya kukazia, "myself" haina kazi. "Wasiliana na katibu au nami": iko wapi "-ji-" hapo? Andika "the secretary or me", utie sahihi, ulale usingizi.

"It's me" nayo nina maneno machache. Kipimo changu hakifiki hapo, kwa sababu "ni" haibebi kiambishi. Vitabu vya zamani viliamuru "It is I" kwa kuiga Kilatini. Ukipiga hodi London ukaulizwa nani, unajibu "It's me", kama unavyojibu "ni mimi" hapa. "It was I who signed" bado inapita katika barua nzito, na siikati. Lakini hapohapo Kiingereza kinasema "aren't I?" wakati hakuna anayesema "I are", na vitabu vinapita kimya. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini, simwambii kuna mantiki. Namwambia "amn't" ipo hai Uskoti na Ireland, na ndiyo iliyo na mantiki, ila mtihani hauitaki.

Turudi kwa kadi. Nilimwomba mteja aniambie mstari ule kwa Kiswahili, kwenye simu, polepole. Akasema, "Ahsanteni kwa kutusaidia mimi na mke wangu." Nikamwomba aurudie. Akaanza, "Kwa ku... tu..." akanyamaza kidogo. "Hapo hatutendi sisi," akasema. "Tunatendewa." Kisha akaniuliza kama wino mwekundu unafutika.