Hiyo 38 Kitakoni Si Kalibra

Anayeokota risasi ngeni kwenye uwanja wa shabaha mara nyingi huja na jibu lake tayari: "Hii ni ya .38, si imeandikwa hapa nyuma?" Ukiigeuza unakuta ganda fupi lisilo na ukingo, limegongwa 38 upande mmoja wa fataki (kile kidonge cha katikati ya kitako kinachowasha baruti) na 81 upande wa pili. Hiyo 38 ni namba ya kiwanda cha Yuryuzan, huko Urali. Hiyo 81 ni mwaka 1981. Risasi ni 9×18 Makarov, ya bastola ya Kisovieti (kipenyo cha karibu milimita 9, ganda la 18), na haifanani hata kidogo na .38 Special, ambayo ni ya rivolva: ganda lake lina urefu wa milimita 29.3 na ukingo uliotokeza wenye kipenyo cha milimita 11 na ushei.

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwamba maandishi ya kitakoni ni jina la risasi. Maandishi hayo ni ya aliyetengeneza ganda. Viwanda vinavyouzia raia huandika kalibra (kipimo cha risasi) pia: GFL ni Fiocchi wa Lecco, PPU ni Prvi Partizan wa Užice, R-P ni Remington, na kando yake utasoma "9 mm Luger" au "9×19". Viwanda vinavyouzia majeshi mara nyingi haviandiki. WCC 89 pamoja na msalaba ndani ya duara inakwambia kampuni ya Western Cartridge, mwaka 1989, na kipimo cha NATO. Kalibra haimo. (Na huo msalaba hausemi kwamba risasi inatoboa chuma, ingawa hilo nalo husemwa kila siku.) KOFC, kiwanda cha risasi cha Kenya, inakupeleka Eldoret, si zaidi.

Hata kalibra ikiandikwa, bado inalihusu ganda likiwa jipya. Ganda la shaba hujazwa upya mara kadhaa. Aliyeweka fataki, baruti na kichwa (kile kipande kinachoruka) safari ya mwisho hakuacha sahihi yake popote. Ndiyo maana risasi ya kuokota haipigwi, hata kitako chake kiwe kinang'aa kama kipya.

Kwa hiyo pima kwanza, soma baadaye. Chukua kalipa ya venia, kile chombo chenye taya kinachopima hadi vipande vya milimita, si rula ya shule, kwa sababu tofauti nyingine hazifiki milimita moja. Anza na umbo: kuna ukingo uliotokeza au hakuna? Ganda limenyooka au lina shingo kama chupa? Kisha pima kipenyo cha kitako, urefu wa ganda kuanzia kitakoni hadi mwisho wa mdomo (kichwa usikihesabu), na kipenyo cha kichwa pale pale kinapotokea mdomoni. Ukipata ganda la milimita 17.3 na kitako cha 9.5, hiyo ni 9 mm Short, ile Wamarekani wanayoiita .380. Ganda la 18.1 lenye kichwa cha 9.27 ni Makarov. 19.15 yenye kichwa cha 9.02 ni Parabellum, yaani ile ile 9×19 au 9 mm Luger. 21.15 yenye kichwa hicho hicho ni 9×21, iliyopata soko Italia kwa sababu raia walizuiwa kutumia kalibra ya jeshi. Ganda likiwa na shingo na urefu wa 25, uko kwenye familia ya Tokarev na Mauser. Hizo mbili karibu zilingane kwa vipimo lakini Tokarev ina shinikizo kubwa zaidi, na hapo ndipo maandishi ya kitakoni yanapokuwa na kazi.

Umbo nalo hudanganya kama ganda limeshapigwa. Kuna maganda yanayoletwa kama "kalibra ya ajabu": yamenyooka kama bomba, mdomo umepanuka hadi karibu milimita 10.7, mara nyingi yamepasuka ubavuni. Pima kitako, utapata 9.96. Ni Parabellum ya kawaida iliyopigwa kwenye bastola ya .40, ikafura mpaka ikajaa chemba (tundu la mtutuni inamokaa risasi). Hapo hakuna kalibra mpya. Kuna mtu aliyechanganya masanduku yake, na ni vizuri atafutwe kabla hajaondoka.

Kuna na misemo mingine ya uwanjani. "Tisa ni tisa tu." Vipimo vya hapo juu vimeshajibu. Kichwa cha Makarov kina robo ya milimita zaidi ya mtutu wa Parabellum.

"Sumaku imeshika, basi ni ya kutoboa vazi la kuzuia risasi." Sumaku imekwambia kuna chuma, basi. Vichwa vingi vya aina hiyo vina madini ya kawaida ya risasi ndani na koti jembamba la chuma lililopakwa shaba nje. Makarov ya Kisovieti ya 57-N-181S ina kiini cha chuma laini. Viwanja huzikataa kwa sababu ya cheche na kuharibu shabaha za chuma.

"Ncha ya buluu ni ya mazoezi." Pengine. Kuna risasi za mazoezi za plastiki ya buluu, kweli. Lakini kampuni ya CCI ya Marekani hutengeneza risasi za bastola zenye kikombe cha plastiki ya buluu kilichojaa chembe ndogo ndogo za kupigia nyoka. Rangi haina sheria moja kwa viwanda vyote.

"Hii haina kichwa, ni ya mlio tu." Kama ganda lina karibu milimita 39, lina ukingo na mdomo uliominywa, chungulia ndani. Nagant ya 1895 huficha kichwa chote ndani ya ganda, kwa kuwa silinda ya rivolva hiyo husogea mbele na mdomo wa ganda huziba upenyo wa gesi.

"Nitaijaribu kwenye bastola yangu nione kama inaingia." Bastola si kipimo. Ile .380 inaingia kwenye chemba ya Parabellum, inazama kupita mahali pake, na kikucha (kile kinachovuta ganda kulitoa) kikiishika inaweza kulia.

Ukikuta nzima yenye alama ya pini kwenye fataki, iligoma, yaani iligongwa isilipuke. Usiigonge wala usiichomoe kichwa. Mwite msimamizi, iingie kwenye sanduku la zilizogoma. Mfukoni isiingie kabisa: Kenya na Tanzania, kukutwa na risasi moja bila kibali ni kosa kama lilivyo kukutwa na sanduku zima.