Je, wajua kwa nini kompyuta iliyoshindwa na Windows hufanya kazi vizuri kwa Linux?

Mafundi wa kompyuta wa katikati ya jiji la Mwanza huletewa mara kwa mara laptopu za miaka ya 2008 na 2009 ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa, kwa kuwa huchelewa kuwaka na kuganda kila faili linapofunguliwa. Mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Kilichoongezeka ni mzigo. Windows 11 hudai RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ilhali Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mifumo endeshi ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, ina asili tofauti. Unix yenyewe ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwenye kompyuta ndogo aina ya PDP-7, na ikajengwa kwa programu ndogondogo zinazoshirikiana. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, ilifuata mpangilio huo: kiini cha mfumo hujitegemea, na madirisha na menyu unazoziona kwenye skrini ni programu nyingine tu, unayoweza kuibadilisha au kuiacha kabisa. Ndiyo maana Debian 12, mojawapo ya aina za Linux, ikiwa haina madirisha hutosheka na RAM ya MB 512.

Kabla ya kupakua chochote, ijue prosesa yako (chipu kuu ya kompyuta): ni ya biti 32, muundo wa zamani, au ya biti 64? Wengi hudhani mashine yao ni ya biti 32 kwa sababu tu iliwekewa Windows ya biti 32, kumbe prosesa za Core 2 Duo zote, zilizoanza kutoka mwaka 2006, ni za biti 64. Prosesa ya Atom N270 ya laptopu ndogo ndiyo ya biti 32 kwelikweli, na Debian 13 haina tena kisakinishi cha prosesa kama hiyo, hivyo itafutie antiX (Linux nyepesi), au NetBSD na OpenBSD, mifumo mingine ya jamii ya Unix.

Jambo linalowasumbua wengi bila sababu ni betri ya CR2032, ile ya duara iliyo kwenye bodi kuu. Ikiisha, saa ya kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatwa, na hapo usakinishaji unaweza kukwama: vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kana kwamba muda wake bado haujaanza, kwa hiyo mfumo hukataa kupakua programu ingawa mtandao upo. Rekebisha tarehe kwanza, kisha nunua betri mpya. Wi-Fi nayo ikigoma kutambuliwa, unganisha simu kwa waya wa USB na utumie bando lake. Kwa kawaida Linux huitambua mara moja.

Kizuizi kikubwa kinachobaki ni kivinjari, kwa sababu kurasa za leo ni nzito kwenye mfumo wowote ule. Kuandika barua na kutunza hesabu za duka kwa programu ya LibreOffice kutakwenda vizuri hata kwa RAM ya GB 2, lakini anayetaka kufungua kurasa kadhaa kwa pamoja aongeze RAM hadi GB 4 na kuweka SSD (diski ya kasi zaidi) mahali pa diski ya zamani, ikiwa mashine yake ina tundu la SATA la kuunganishia diski.