Rabona ina kazi yake uwanjani

Vijana ninaowafundisha wakiona kwenye simu rabona, yaani pigo la mguu unaopitishwa nyuma ya mguu wa kusimamia, kesho yake mazoezini kila mtu anataka kuipiga. Siwakatazi. Nawauliza tu: unaipiga ukiwa wapi, na kwa nini?

Chukua winga wa mguu wa kulia anayecheza kushoto. Amefika karibu na chaki, beki kamfungia njia ya ndani, mpira uko nje ya mguu wake wa kushoto, ambao ni dhaifu. Akiuvuta ndani ajipange upya, beki anamngoja hapohapo. Kwa rabona, mguu wa kulia unapita nyuma ya wa kushoto na krosi inaondoka papo hapo.

Ugumu wote uko kwenye mguu wa kusimamia. Ukanyage pembeni mwa mpira, lakini acha nafasi. Ukibana sana utajipiga kigimbi. Mpira ukikutangulia mno, huufikii. Kunja goti la mguu uliosimama, laza mwili upande usio na mpira, tanua mikono upate mizani, kisha zungusha nyonga. Wengi huanguka kwa sababu wamesimama wima kama mlingoti.

Jina ni la mitaani Argentina, ambako mwanafunzi anayetoroka shule husemwa "amefanya rabona". Mwaka 1948 Ricardo Infante wa Estudiantes de La Plata aliifunga Rosario Central kwa pigo hilo, na jarida la El Gráfico likamweka jaladani akiwa na sare ya shule. Infante, kwa Kihispania, ni mtoto. Jina likaganda.

Bao ninalopenda kuwaonyesha vijana ni la Muargentina mwingine, Erik Lamela, akiichezea Tottenham dhidi ya Arsenal, Machi 2021. Yeye ni wa mguu wa kushoto, na mpira ulimkuta ndani ya boksi ukiwa upande wa mguu wake wa kulia. Akapitisha kushoto nyuma ya kulia, Thomas Partey akapigwa tobo, mpira ukaambaa chini hadi kona ya mbali ya goli. Wala halikuwa kombora! Tottenham walifungwa 2-1 siku ile, lakini bao hilo likatwaa Tuzo ya Puskás, ile ya FIFA ya bao bora la mwaka.

Anza na mpira uliotulia, kisha unaotembea polepole, halafu wewe mwenyewe ukiwa kwenye mbio. Kabla hujafika hapo, kwenye mechi piga krosi kwa huo mguu dhaifu, nao tunaufanyia mazoezi kila wiki.